Yona Alimjua Mungu, Ndiyo Maana Akakimbia

Neno la wiki: Kutoka 34:5–7; Yona sura ya 4

Ukitoka Bukoba kuelekea Mutukula unapita Kyaka, penye daraja la Mto Kagera na magofu ya kanisa lililobomolewa wakati wa vita vya Amin. Wageni hushuka kupiga picha. Mama yangu, akiwa ndani ya gari, hugeuza uso. Amepita pale mara nyingi tangu 1979, na sijapata kumwona akiyatazama yale magofu.

Miaka yeye haihesabu kwa kalenda. Mwaka 1978 kwake ni mwaka ambao senene walianguka na hakukuwa na mtu wa kuwaokota. Mwishoni mwa Oktoba askari wa Idi Amin walivuka mpaka, tarehe 1 Novemba Amin akatangaza kwamba ardhi yote ya kaskazini ya mto imekuwa ya Uganda, na siku chache baadaye daraja likalipuliwa. Mama alikuwa ameshavuka, mimi nikiwa mgongoni, miezi saba, na kichwani ana beseni lenye ndizi mbichi na kanga mbili. Baba yake alibaki nyuma kwa sababu ya ng'ombe. Ng'ombe wa ukanda ule waliswagwa kwa maelfu kwenda Uganda, wa kwetu wakiwamo. Babu hakuonekana tena.

Nimeanza na habari hii kwa sababu wiki tatu zilizopita, kwenye ibada ya jumuiya, tulisoma Yona sura ya 4, na mama alikuwepo. Tulipofika kwenye maswali akanyoosha mkono. Mbele za watu haniiti mwanangu.

"Mchungaji, huyo Yona alikosea nini?"

Nikamjibu kama nilivyofundishwa chuoni: alikuwa na ubaguzi wa taifa, hakuelewa kwamba Mungu ni wa watu wote, na kadhalika. Akanisikiliza hadi mwisho, kwa adabu.

"Hayo nimeyasikia. Nauliza alikosea nini."

Watu wakacheka kidogo, mwenyeji wetu akaleta chai, tukafunga kwa sala. Mimi nilirudi nyumbani bila usingizi.

Tumemharibu Yona kwa kumkabidhi kwa watoto wa shule ya Jumapili. Wao wanampenda samaki, nasi tumewaachia. Samaki yule ametajwa katika mistari mitatu tu. Habari yenyewe ni ya mtu aliyeitwa aende mashariki, Ninawi, akateremka bandarini Yafa, akalipa nauli kwa fedha yake na kupanda merikebu iendayo upande wa pili wa dunia. Ukimuuliza Mkristo yeyote sababu, atasema Yona aliogopa. Nimewahi kuhubiri hivyo hivyo. Lakini Yona mwenyewe anaeleza sababu katika 4:2, na woga haumo. Anamwambia Mungu, kwa maneno makali, kwamba alikimbia kwa kuwa alimjua: alijua yeye ni Mungu wa neema na huruma, asiye na haraka ya kukasirika, mwenye fadhili tele, anayeghairi kuleta mabaya. Alijua tangu nyumbani kwamba Ninawi wakilia kidogo tu watasamehewa.

Ni mashtaka hayo, msidhani ni sifa. Ni kama mtu anayempeleka jirani yake barazani na kosa la jirani ni wema. Na linalonishtua ni kwamba hati ya mashtaka haina kosa hata moja: kila alichosema kuhusu Mungu ni kweli. Kama ingekuwa mitihani ya kipaimara, Yona angepata mia kwa mia. Yule aliyemkimbia Mungu ndiye aliyekuwa anamjua vizuri kuliko wote waliokuwa merikebuni.

Maneno hayo Yona hakuyatunga. Aliyapokea kutoka Kutoka sura ya 34, na hapo nataka tukae kidogo.

Musa alikuwa mlimani siku arobaini. Aliposhuka akakuta ndama wa dhahabu na watu wanacheza, akazivunja zile mbao za mawe. Baadaye, akiwa amechoshwa na watu na hajui kama safari bado ipo, akamwomba Mungu amwoneshe utukufu wake. Alifichwa katika ufa wa mwamba. Nani asingetegemea mwanga wa kupofusha macho? Alichopewa ni maneno: Mungu akapita akijitaja jina, na baada ya jina akaitaja tabia yake. Angalia na wakati aliouchagua. Hakujieleza hivyo siku ya harusi. Alijieleza baada ya fumanizi, vipande vya mawe vikiwa bado chini ya mlima.

Neno la kwanza katika maelezo yale, kwa Kiebrania, limefungamana na neno la tumbo la uzazi. Mzizi wake ndio uleule uliotuletea "rehema" kupitia Kiarabu, na majirani zetu Waislamu hupita kwenye mzizi huohuo kila wanapotaja Rahmani na Rahimu kabla ya kula au kusafiri. Kwa hiyo kila binti anayeitwa Rehema mtaani kwenu amebeba jina lenye harufu ya chumba cha kujifungulia. Isaya naye, katika sura ya 49, alipotaka kueleza jinsi Mungu asivyosahau, alimtafuta mama anyonyeshaye. Na hata hapo akakiri kwamba mama huweza kusahau, ila Mungu hapana.

Maneno tunayoyasoma kwamba Mungu hakasiriki upesi yana picha inayochekesha. Kwa Kiebrania yamesemwa kwamba Mungu ana pua ndefu. Hasira, kwa watu wale, makazi yake ni puani: mtu akiwaka, pumzi humtoka ya moto. Mimi huielewa hivi, kwamba mwenye pua ndefu pumzi yake ina safari kabla ya kukufikia. Sisi wengi wetu pua zetu ni fupi mno. Ninao wazee wa kanisa wawili ambao pua hawana kabisa.

Halafu kuna neno "hesed". Watafsiri wetu wamehangaika nalo: mara wameandika rehema, mara fadhili, kama katika Zaburi 136, ambako neno hilo linarudi katika kiitikio cha mistari yote 26. Ni wema uliofungwa na agano, wema unaobaki mahali pake hata upande wa pili ukivunja ahadi. Mnaijua methali ya fadhila ya punda, sitaimalizia hapa madhabahuni. Sasa fikirini mtu aliyeshalipwa na punda yule malipo yake ya kawaida, na kesho asubuhi akamkatia tena majani. Hapo mmeanza kulisogelea neno hilo.

Waisraeli waliyashika maneno haya kama mtu anavyoshika kitambulisho. Musa aliyatumia kuwaombea watu katika Hesabu 14, walipokataa kuingia nchi ya ahadi. Nehemia 9 inayarudia, Yoeli 2 inayarudia, Zaburi ya 86, ya 103 na ya 145 zinayaimba. Kila walipoharibu waliyatoa mfukoni. Na kila mara, nadhani mmeshaona, aliyekuwa anasamehewa alikuwa ni wao.

Yona ndiye wa kwanza kugundua kwamba kitambulisho hicho kinaweza kutumiwa na mtu mwingine.

Na mtu mwingine yule alikuwa nani? Ninawi, ambayo magofu yake yapo leo kwenye mji wa Mosul nchini Iraki, ilikuwa mji mkubwa wa Waashuru. Yona anatajwa pia katika 2 Wafalme 14, siku za mfalme Yeroboamu wa pili. Muda si mrefu baada ya siku hizo, mwaka 722 hivi kabla ya Kristo, Waashuru waliumaliza Samaria na kuwahamisha watu wa makabila ya kaskazini wasirudi tena. Mwaka 701 wakauzingira mji wa Lakishi katika Yuda. Mfalme wao Senakeribu akaona fahari kuchonga habari ya Lakishi kwenye kuta za jumba lake pale Ninawi, na mawe hayo sasa yapo London katika Jumba la Makumbusho la Uingereza. Yanaonesha familia zikiondoka na mizigo yao juu ya mikokoteni, watoto kwa wanawake, na watu waliotundikwa juu ya miti. Jumba la adui lilipambwa kwa picha za kilio chako. Msomaji Myahudi aliyeletewa kitabu cha Yona alikuwa anayajua haya. Aliyajua kama mama yangu anavyojua Kyaka.

Kwa hiyo nilipomwambia mama kwamba Yona alikuwa na ubaguzi, nilimdharau Yona, na nilimdharau mama. Chuki ya Yona ilikuwa na sababu yenye majina na makaburi. Mtu asiyepoteza kitu ni rahisi sana kwake kuhubiri kwamba Mungu ni upendo. Tumeliandika neno hilo kwenye kanga, kwenye vioo vya daladala, kwenye kalenda za usharika. Ni tamu mpaka siku upendo huo unapopelekwa kwa mtu aliyemchukua babu yako.

Msomaji makini ataniambia nimekatisha mstari. Ni kweli. Kutoka 34:7 inaendelea kusema kwamba Mungu huyo huyo hamhesabu mwenye hatia kuwa hana hatia, na kwamba uovu wa baba huwafuata watoto hadi kizazi cha tatu na cha nne. Kizazi cha nne si mbali kwetu Wahaya. Ni wale wanaoishi ndani ya kibanja kimoja kwa wakati mmoja, kutoka babu hadi kitukuu. Babu akiuza kibanja kwa ajili ya pombe ya rubisi, anayelala njaa anamwona kwa macho yake. Fadhili, kwa upande mwingine, zimehesabiwa kwa maelfu. Mizani haiko sawa, na haikukusudiwa iwe sawa.

Yona, aliponukuu, aliuacha huo mkia wa hukumu. Lakini kuna nabii mwingine aliyepewa ujumbe juu ya mji uleule. Nahumu naye anaanza na maneno yaleyale ya Kutoka, kwamba Mungu si wa kukasirika haraka. Ila yeye anaacha fadhili na kuushika ule mkia, kwamba mwenye hatia hataachwa. Manabii wawili, andiko moja, mji mmoja. Ninawi waliotubu waliponea kwenye nusu ya Yona. Ninawi waliorudia waliangukia kwenye nusu ya Nahumu, mwaka 612 kabla ya Kristo, na mji ule haukusimama tena. Pua ndefu haina maana kwamba hakuna pumzi.

Hata hivyo mama angenijibu, na nadhani angekuwa na haki, kwamba Amin hakupata Nahumu wake. Alikimbia Kampala mwezi Aprili 1979, akaishia Saudi Arabia, akafa hospitalini Jeddah mwaka 2003. Hakusimamishwa mbele ya mahakama yoyote. Hilo sina jibu lake, na mchungaji atakayekuambia analo, mshukuru na umsindikize mlangoni.

Ninaye shahidi mmoja tu ninayeweza kumwita, na namwita kwa sababu alikuwa na haki ya kusema. Askofu Festo Kivengere wa Kigezi, mtu wa Uamsho, baadhi ya wazee wa Dodoma walimfahamu kama mwalimu wao miaka ya 1940 na 1950. Februari 1977 maaskofu wa Anglikana wa Uganda walimwandikia Amin barua ya kulalamikia mauaji na uonevu. Tarehe 16 mwezi huohuo askofu mkuu wao, Janani Luwum, aliuawa. Serikali ikatangaza kuwa ni ajali ya gari. Kivengere na mkewe Mera wakavuka milima usiku kwenda Rwanda. Alikuwa na chuki, alikiri mwenyewe. Siku ya Ijumaa Kuu, akiwa ameketi kanisani London, yakasomwa maneno ya Yesu ya kuwaombea waliompigilia misumari. Amesimulia kwamba hapo aliulizwa rohoni: kama aliyeshika nyundo angekuwa Amin, je, Yesu angewaombea wote na kumtoa yule mmoja? Mwaka huohuo akatoa kitabu, na jina lake kwa Kiswahili lingekuwa "Nampenda Idi Amin".

Wapo waliolichukia jina hilo na sithubutu kuwalaumu. Mimi mwenyewe mara ya kwanza nilipokiona kitabu kwenye rafu nilikirudisha. Lakini tazameni mpangilio wa mambo. Mtu huyu alikuwa miongoni mwa waliomkemea Amin kwa maandishi, na ugenini aliendelea kusema wazi yanayotendeka Uganda. Msamaha wake haukumpunguzia Amin kosa hata moja. Kilichobadilika ni kwamba Amin hakuwa tena na mamlaka juu ya sala za askofu yule. Msalabani ndipo nusu ya Yona na nusu ya Nahumu zimekutana katika mwili mmoja: hatia imehesabiwa yote, na aliyeibeba ni yule aliyekosewa.

Kuna jambo jingine ambalo huku kwetu hatulipendi. Majeshi yetu yalipoingia Uganda, Mutukula ilisawazishwa na ardhi, na Februari 1979 mji wa Masaka ulivunjwavunjwa. Ilikuwa kisasi cha Kagera, na hatukukificha. Masaka kulikuwa na watu ambao Amin alikuwa amewatesa kabla hajatugusa sisi. Ng'ambo ile tunao mashangazi. Lugha zetu zinasikilizana. Yupo bibi Masaka, nina hakika, ambaye akisikia neno Tanzania hugeuza uso. Kwake yeye Ninawi ni sisi, na anaposoma kwamba Mungu ni mwepesi wa kusamehe, sisi ndio tunaomtatiza.

Yona, baada ya kuhubiri, alitoka nje ya mji akajenga kibanda na kukaa kungoja aone. Bwana Yesu alikuwa na mtu wake wa namna hiyo: kaka mkubwa wa Luka 15, aliyesimama nje ya nyumba akisikia ngoma na hataki kuingia. Wote wawili walikuwa na hoja. Wote wawili walitokewa nje: Yona kwa mche wa kivuli na mdudu na upepo wa hari, kaka mkubwa kwa baba mzee aliyeacha wageni mezani akatoka kumbembeleza. Na habari zote mbili zimekatika bila kutuambia walijibu nini. Kwa miaka mingi nimefundisha upendo wa Mungu kwa mwana mpotevu. Sasa naona yule baba alitoka nyumbani mara mbili siku ile, na safari ya pili ndiyo iliyokuwa ngumu, maana yule wa kwanza alikuwa ameshachoka na nguruwe, na huyu wa pili hakuwa ameona kosa lake lolote.

Mungu hakumpiga Yona. Alimuuliza maswali. Nimerudia kuisoma sura ile nikitafuta mahali anapomkaripia na sipaoni. Pua ileile ndefu aliyowavumilia nayo Waashuru ilimvumilia nabii aliyenuna, na Yona hakugundua kwamba yuko ndani ya sifa zilezile alizokuwa anazishtaki.

Jumatano iliyofuata nikaenda kwa mama na majibu yangu yote haya. Akapika ndizi, akanisikiliza. Nikamsomea tena mwisho wa kitabu, pale Mungu anapouliza kama asiuhurumie mji ule wenye watu zaidi ya 120,000 wasiojua kutofautisha mkono wa kuume na wa kushoto, na wanyama wengi pia. Kitabu kinaishia hapo, kwa swali.

"Ng'ombe wanaingiaje hapo?" akauliza.

Nikasema labda ni kuonesha jinsi huruma yake ilivyo pana.

Akakaa kimya muda mrefu, anamenya ndizi ambayo hatukuihitaji.

"Basi wa kwetu aliwaona," akasema. "Na aliyekuwa nao."

Jumapili hii tunasoma tena Yona sura ya 4, ibada ya kwanza, saa moja na nusu asubuhi. Mama ameomba somo alisome yeye.